Usaili wa Utumishi: mwongozo kamili wa kuepuka makosa yanayowaangusha wengi

Kila likitoka tangazo la kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hazipiti siku nyingi kabla ya kusikia malalamiko yaleyale. Fulani karudishwa mlangoni kwa sababu kaja na karatasi ya matokeo badala ya cheti. Mwingine kafika wakati jina lake lilishaitwa. Wa tatu kapita mchujo, yaani mtihani wa awali, vizuri, halafu mbele ya jopo kakauka.

Wengi wao elimu wanayo. Wanaangushwa na mambo yaliyoandikwa kwenye matangazo mawili waliyoyapakua wenyewe wakayasoma nusunusu: tangazo la kazi na tangazo la usaili. Mwongozo huu unakupitisha kwenye hayo mawili tangu unapoliona jina lako hadi unapotoka mbele ya jopo. Umeandikwa kwa ajili ya usaili wa Serikali ya Tanzania, ingawa anayekwenda kwenye kampuni binafsi atanufaika na hatua ya 3 na za 6 na 7.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi kwanza

- Tangazo la kazi uliloomba, lile lenye sifa na majukumu ya kada yako, yaani aina ya kazi uliyoomba. Lihifadhi kwenye simu na ulichapishe.
- Tangazo la kuitwa kwenye usaili: ukurasa wenye jina lako na, muhimu zaidi, ukurasa wa masharti.
- Namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti ya Ajira Portal (mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi mtandaoni), iliyonakiliwa kwenye karatasi. Simu huzima chaji.
- Kitambulisho kinachokubalika. Matangazo huorodhesha cha taifa, cha mpiga kura, cha kazi, hati ya kusafiria, leseni ya udereva, au barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Vyeti halisi vyote: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulifika, kisha astashahada, stashahada, shahada na kuendelea.
- Kwa kada zenye bodi au baraza la taaluma, cheti halisi cha usajili na leseni iliyo hai.
- Nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula. Msailiwa hujigharamia mwenyewe.
- Faili gumu la plastiki, kalamu mbili na saa ya mkononi isiyo na mambo ya intaneti.

Nakala za vyeti beba pia, ila zisikupe moyo. Nakala haikaguliki kama cheti.

## Hatua ya 1: Soma ukurasa wa masharti hadi mstari wa mwisho

Mtu akiliona jina lake kwenye orodha, furaha humfunga macho. Anapiga picha ule mstari mmoja, anawatumia ndugu zake, basi. Ukurasa wa masharti hausomi tena.

Kwenye ukurasa huo ndimo mnamotajwa nyaraka zisizopokelewa. Hati za muda za matokeo, taarifa za matokeo kutoka chuoni na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na hilo huandikwa waziwazi. Kama chuo hakijakupa cheti, wapigie leo, usisubiri siku ya uhakiki ukaanze kumsihi mhakiki. Yeye hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Aliyesoma nje ya nchi ana kazi ya ziada. Vyeti vyake lazima viwe vimetambuliwa na mamlaka husika: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa vyuo vya kati na NECTA (Baraza la Mitihani) kwa sekondari.

Chukua kalamu, pigia mstari tarehe, saa na mahali pa kada yako peke yake. Tangazo moja huwa na kada nyingi, na mistari hukaribiana. Wapo wanaosoma mstari wa jirani. Hatua hii umeimaliza ukiweza kumtajia mtu, bila kuangalia karatasi, siku ya mchujo, siku ya mahojiano, jengo na saa.

## Hatua ya 2: Linganisha majina kwenye kila karatasi

Hili ndilo linalowaumiza watu wengi wasiostahili kuumia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tandaza nyaraka zako zote kitandani. Soma jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kidato cha nne, kisha chuo, kisha kitambulisho cha taifa. Usisome kwa mazoea, soma herufi kwa herufi. Hamisi na Hamis ni majina mawili tofauti machoni pa mhakiki. Aisha na Asha vilevile. Cheti kimoja kina majina matatu, kingine mawili. Kimoja kimeanza na ukoo, kingine kimeanza na jina lako. Halafu kuna mabinti walioolewa wakachukua jina la mume kwenye kitambulisho huku vyeti vya shule vikibaki na la baba.

Ukikuta tofauti, angalia tangazo lako linataka nini. Mara nyingi hutakiwa hati ya kubadili jina, ambayo kwenye matangazo utaikuta kwa jina la Deed Poll. Wakili huiandaa, kisha husajiliwa serikalini. Hati ya kiapo ni kitu kingine, na aliyebeba kiapo pale panapotakiwa ile nyingine amebeba karatasi isiyo yake.

Onyo: usingoje kuitwa. Kutoka tangazo la usaili hadi siku yenyewe huwa kuna siku chache tu, na usajili wa hati hauendi kwa kasi ya wasiwasi wako. Anayeomba kazi serikalini na ana tofauti ya majina ashughulikie jambo hili mwezi huu, awe ameitwa au hajaitwa. Vivyo hivyo kwa aliyepoteza cheti: safari huanza kwa taarifa ya upotevu polisi, kisha NECTA au chuo husika, na ni safari ndefu.

Umefaulu hatua hii pale mgeni asiyekujua atakapopitia faili lako na kukubali, bila maelezo yako ya mdomo, kwamba karatasi zote ni za mtu mmoja.

## Hatua ya 3: Geuza majukumu kuwa maswali

Tangazo la kazi lina sehemu ya majukumu. Wengi huiruka, wanakimbilia sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Kisha wanaanza kuulizana kwenye makundi ya WhatsApp, "Nani ana maswali yaliyopita?"

Maswali yamo mle mle. Chukua kada ya Mtendaji wa Kijiji. Majukumu yake hutajwa takribani hivi: ni mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, ni katibu wa mikutano na kamati za halmashauri ya kijiji, ni mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini, anasimamia utungaji wa sheria ndogo, anatunza nyaraka za kijiji, anapokea na kutatua malalamiko ya wananchi, na anawajibika kwa Mtendaji wa Kata.

Tazama sasa mtego uliojificha humo. Mtendaji ni katibu kwenye halmashauri ya kijiji lakini ni mwenyekiti kwenye kikao cha wataalamu. Aliyesoma juu juu akiulizwa nani anaongoza mkutano mkuu wa kijiji atasema "mimi", kumbe ni mwenyekiti wa kijiji. Jibu moja kama hilo linaonyesha jopo kwamba hata mipaka ya kazi anayoiomba haijui.

Fanya hivi kwa kila jukumu. Liandike juu ya karatasi, chini yake uandike maswali matatu: Ni nini? Hufanywaje, hatua kwa hatua? Lisipofanywa, au likifanywa vibaya, kinatokea nini? Kwa "kusimamia utungaji wa sheria ndogo" utajikuta unatafuta nani anapendekeza, wananchi wanashirikishwa vipi na nani anaidhinisha. Hayo utayapata kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Ukiisoma utakutana pia na idadi ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao hawapungui 15 wala hawazidi 25. Ni aina ya swali linalopenda kutokea kwenye mchujo.

Dereva naye asidhani atapimwa usukani peke yake. Orodha ya majukumu yake huwa na kukagua gari kabla na baada ya safari, matengenezo madogo madogo, usafi wa gari na kujaza daftari la safari. Wapo madereva hodari, wa miaka mingi barabarani, walioshindwa kueleza wanaangalia nini kabla ya kuwasha injini. Wanayafanya kila asubuhi, ila hawajawahi kuyasema kwa mdomo.

Ndiyo maana majibu yasemwe kwa sauti. Mwombe mdogo wako au jirani akuulize, wewe ujibu umekaa kwenye kiti, si umelala na simu. Ukiweza kueleza kila jukumu kwa dakika mbili bila kusoma mahali, uko tayari. Ukikwama kwenye moja, rudi hapo hapo, usipoteze muda kwenye yale unayoyajua.

## Hatua ya 4: Futa majibu yaliyochakaa

Madaftari ya chuo yanazeeka, nazo zile karatasi za maswali zinazozunguka mitandaoni zimezeeka zaidi. Jopo linataka mtu atakayeanza kazi sasa.

Ofisa ununuzi anayetaja sheria ya 2011 na mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa TANePS amejitoa mwenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma inayotumika ni ya 2023, na mfumo ni NeST. Mhasibu wa halmashauri anayeeleza mfumo wa uhasibu wa Epicor kana kwamba ndio uliopo ameachwa nyuma na MUSE. Ukiulizwa namna mtumishi wa umma anavyopimwa utendaji wake, OPRAS ni jibu la jana. Leo watumishi wanajaza PEPMIS. NACTE iliongezewa mafunzo ya ufundi stadi ikawa NACTVET. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, kwa hiyo anayezungumzia Dira 2025 kama mwelekeo wa mbele anaonekana hasomi habari.

Tengeneza orodha fupi ya kada yako: sheria mama na mwaka wake, mfumo wa kielektroniki unaotumika, wizara inayosimamia, bodi ya taaluma. Ingia kwenye tovuti za taasisi zenyewe, zile zinazoishia na go.tz. Blogu za ajira zinafaa kukujulisha kwamba tangazo limetoka, basi.

## Hatua ya 5: Safari na siku ya mchujo

Kama umepangiwa Dodoma, fika siku moja kabla. Treni ya SGR imerahisisha safari kwa anayetoka Dar es Salaam au Morogoro, lakini tiketi huisha, hasa wiki yenye usaili mkubwa. Ukija kwa basi utashukia stendi kuu ya Nanenane, na kutoka pale hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kama ndiko ulikopangiwa, si mwendo wa miguu. Jioni ile ile nenda ukalione jengo. Chuo kile ni kikubwa, vitivo vyake viko mbalimbali, na asubuhi ya usaili bodaboda ni wa kugombea.

Usikate tiketi ya kurudi jioni ya mchujo. Matokeo yanaweza kutoka usiku, na mahojiano yakawa siku inayofuata. Kuna mtu alishafika kwao ndipo akaona jina lake limepita. Na kama usaili wako unafanyika mkoani, hakikisha akaunti yako inaonyesha mkoa unaoishi sasa na si ule uliojiandikishia ukiwa chuoni.

Ndani ya chumba cha mtihani mambo ni machache. Simu izimwe na ikae nje ya mwili wako. Andika namba ya usaili, usiandike jina pasipotakiwa jina. Mtihani ukiwa wa kompyuta, soma maelekezo ya mfumo kabla ya kubofya chochote, na using'ang'anie swali moja huku saa inakwenda. Kufaulu mchujo ni kuwa miongoni mwa wa juu, kwa sababu wanaoitwa mahojiano hulingana na nafasi zilizopo. Alama ya kujikongoja haitoshi kwenye kada yenye waombaji wengi.

Kada kama udereva au ukatibu mahsusi huwa na usaili wa vitendo katikati. Kwa huo hakuna ujanja zaidi ya mikono yako kuwa imeshazoea.

## Hatua ya 6: Mbele ya jopo

Mavazi kwanza, kwa kifupi: vaa kama mtumishi wa umma anavyotakiwa kuvaa ofisini. Nguo safi, isiyobana, isiyo na maandishi. Suti ya kuazima inayokufanya uvute mabega kila dakika ni mbaya kuliko shati la kawaida lililopigwa pasi.

Gonga, ingia, salimia wote mara moja. "Shikamooni" inatosha kama mbele yako wamo watu wazima kwako. "Habari za asubuhi" haimkosei mtu. Usizunguke meza ukishika mikono ya kila mjumbe. Subiri uambiwe ukae.

Swali la kwanza huwa jepesi na ndilo linaloharibiwa zaidi: "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe." Msailiwa wa kada ya utunzaji kumbukumbu anajibu: "Mimi nimezaliwa Kahama, ni mtoto wa nne kati ya saba, nimesoma shule ya msingi..." Anakwenda hivyo hadi dakika zinakatika, kama mwanafunzi anayekariri ngonjera. Hakuna aliyemuuliza ukoo.

Jibu lenye uzito linakwenda hivi: "Naitwa fulani. Nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu. Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikuwa masjala ya halmashauri, nilikuwa nafungua majalada mapya, nasajili barua zinazoingia na kufuatilia majalada yaliyotoka kwa maofisa. Niliona namna jalada moja linavyoweza kusimamisha kazi ya idara nzima lisipoonekana, na kazi hiyo ndiyo ninayoiomba." Ni sentensi chache, zote za kazi. Kama hujawahi kuajiriwa, mafunzo kwa vitendo na kujitolea ndiyo uzoefu wako, usivitaje kwa aibu.

Kwenye maswali ya taaluma, kumbuka kwamba wajumbe wanaandika alama. Alama haitolewi kwa kitu ambacho hukukisema, hata kama kinajulikana kwamba unakijua. Ukiombwa utaje hatua tano, zihesabu kwa mdomo: kwanza, pili, tatu. Ukiulizwa tofauti ya vitu viwili, eleza vyote viwili. Wengi hueleza kimoja wakadhani kingine kimejieleza.

Hukusikia swali? Omba lirudiwe, ni haki yako. Hujui jibu? Sema sehemu unayoijua, kisha kiri kwamba iliyobaki huna uhakika nayo. Kubuni kifungu cha sheria mbele ya watu wanaoitumia kila siku kunaharibu hata majibu yaliyotangulia.

Ukipewa uhuru wa lugha, chagua moja ubaki nayo. Kiingereza cha kubabaisha hakimpendezi mtu, na Kiswahili chenye "yaani, si unajua" kila baada ya neno la tatu nacho kinachosha. Maneno ya kitaaluma yasiyo na Kiswahili yataje yalivyo.

## Hatua ya 7: Maswali yenye mtego

Jopo likishaona unajua kazi, hutaka kuona utafanyaje ukibanwa. Mtendaji wa Kijiji anaweza kuulizwa: "Mwenyekiti wa kijiji anataka mumgawie mwekezaji eneo la kijiji wiki hii, anasema mkutano mkuu utachelewesha mambo. Utafanya nini?"

Majibu mawili huanguka. La kwanza ni la utii: "Nitamsikiliza kwa sababu ni kiongozi wangu." La pili ni la ubabe: "Nitamkatalia na kumripoti." Anayejua kazi anaanzia kwenye sheria: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kisha anaeleza mwendo: atamshauri mwenyekiti kwa faragha na kwa heshima, atamwonyesha kifungu, atapendekeza mkutano uitishwe, na mwenyekiti akishikilia msimamo wake, mtendaji ataandika na kumjulisha Mtendaji wa Kata. Mpangilio huo wa sheria, ushauri, maandishi na ngazi ya juu unafaa kwenye visa vingi vya utumishi, uwe muuguzi au ofisa ugavi.

"Udhaifu wako ni upi?" Usijibu kwamba unafanya kazi kupita kiasi, kila mtu anasema hivyo na hakuna anayeamini. Taja jambo dogo la kweli lisilogusa kiini cha kada, na unachokifanya kulirekebisha. Mhasibu asiseme hesabu humchanganya.

Kuhusu mshahara, usijadiliane. Ngazi imeandikwa kwenye tangazo, TGS B au TGS D au nyingineyo, na ukiulizwa sema umeiona na umeikubali. Juu ya kupangiwa mbali, jibu la "popote" lisemwe tu na mwenye kulimaanisha. Wapo wanaoapa hivyo kwenye jopo, kisha wanaanza kutafuta uhamisho kabla hawajafungua begi.

Ukitoka umejibu maswali yote, umetaja sheria angalau pale ilipohitajika, na hukukumbuka jambo la maana ukiwa tayari koridoni, siku yako imekwenda vizuri.

## Hatua ya 8: Baada ya kutoka

Wakati huu matapeli huwa kazini. Mtu anapiga simu, anajua jina lako na kada yako kwa sababu vyote viko kwenye tangazo la hadharani, anasema yuko ndani ya ofisi na anaomba "ya maji" akusukumie jina. Usitume hata shilingi. Toa taarifa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, bila malipo.

Fuatilia kupitia akaunti yako na tovuti ya Sekretarieti. Kutopangiwa kazi mara moja hakumaanishi umefeli: waliofaulu mahojiano wakazidi nafasi zilizopo huhifadhiwa kwenye kanzidata, na huweza kuitwa nafasi ikipatikana kwenye taasisi nyingine. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Jina likitoka kwenye tangazo la kuitwa kazini, barua ya kupangiwa kituo itataja mwajiri na muda wa kuripoti. Nenda ndani ya muda huo ukiwa na vyeti vilevile halisi, maana mwajiri atavikagua upya kabla hujapewa meza.